Mtetemo wa Kilomita Themanini

Kikombe kiligonga kisahani, ti-ti-ti, kikanyamaza. Lilikuwa bado giza la alfajiri, na binti yangu alikuwa amelala, kisigino chake kimenikaa ubavuni. Nikadhani ni panya. Kikagonga tena, ti-ti-ti, halafu nikasikia mtu akishusha pumzi.

Nilimkuta baba mkwe jikoni, amesimama bila taa. Mkono ameunyoosha mbele, kiganjani kisahani, juu ya kisahani kikombe.

"Baba, unamkaribisha nani chai gizani?"

Alishtuka, akakiweka mezani haraka. "Sikutaka kuwaamsha."

"Na kikombe chenyewe kitupu."

Nikawasha taa. Alitazama mlango, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni, akaona hana pa kupita.

"Mama Chiriku," akasema, "mikono yangu imeanza kutetemeka. Kaka yangu ilimwanza hivihivi. Ndiyo maana nauza gari."

Wiki nzima alikuwa akisema gari limemchosha, basi, na kwamba mnunuzi atakuja Jumamosi saa kumi alasiri. Jumamosi yenyewe ndiyo hiyo ilikuwa inapambazuka. Hakuna aliyemwamini. Gari lile hulisugua kila Ijumaa mpaka ndani ya rimu, na hajawahi kumwachia mtu usukani, hata mwanawe, mume wangu, ambaye kazi imempeleka mbali na hurudi mwisho wa mwezi tu. Baba mkwe ndiye anayempeleka Chiriku shule, ng'ambo ya barabara kuu. Jioni mbili kwa wiki hunipeleka mimi kwenye masomo ya ufundi wa magari, kisha anarudi kumlisha mtoto na kusikiliza maneno yake yasiyoisha, yaliyompa jina hilo la Chiriku. Gari likiondoka, masomo yangu nayo yataondoka. Hata hivyo, alfajiri ile haikuwa ya kuwazia masomo. Kilichoniuma ni kumwona mtu aliyeendesha malori miaka thelathini akijipima kwa kikombe, peke yake.

Nikavuta kiti. "Inatetemeka wakati gani?"

"Nikishika usukani."

"Kila ukishika?"

Akafikiri. "Mitaani, hapana. Nikiingia barabara kuu. Nikifika themanini hivi, inaanza vidoleni, inapanda mpaka viwikoni. Siku moja nilikuwa peke yangu nikafika mia na kumi, ikatulia. Lakini nitakimbiaje mia na kumi na mtoto nyuma?"

"Baba, ni ugonjwa gani huo unaosoma spidi?"

"Usinichekeshe, mkwe wangu. Na kikombe je?"

Nikakichukua, nikanyoosha mkono kama yeye. Tukasubiri, yeye akikodolea macho vidole vyangu. Dakika haikuisha: ti-ti-ti.

"Wewe una miaka ishirini na sita!" akasema, kana kwamba nimemdanganya.

"Ndiyo hivyo. Saa kumi tutauzwa wote."

Mdomo ulimcheza kidogo, akauzuia.

"Niachie usukani leo, baba. Mara moja tu."

Akaingiza mkono mfukoni, akaweka ufunguo katikati ya meza. Hakunipa mkononi. Aliuweka tu, niuchukue mwenyewe.

Kulipokucha tulimfunga Chiriku mkanda kiti cha nyuma, tukatoka. Leseni nilikuwa nayo tangu mwaka jana, ila usukani wenyewe nilikuwa nausoma zaidi ubaoni. Baba mkwe alikaa pembeni yangu na miguu yake yote miwili ikikanyaga sakafu.

"Breki!"

Nikakanyaga.

"Sikusema ukanyage. Nasema uikumbuke."

"Babu anaogopa," Chiriku akatangaza.

"Babu anafundisha."

Barabara kuu ilikuwa tupu. Sitini, shwari. Sabini, shwari. Mshale ulipogusa themanini, usukani ukaanza kucheza mikononi mwangu, kushoto kulia, upesi upesi, kama simu inayoita bila sauti. Nikakaza vidole. Ukaendelea.

"Baba, weka mkono hapa."

Aliugusa usukani kwa vidole viwili, kisha akashika wote. Akautoa mkono, akaurudisha tena. Nilipunguza mwendo na mtetemo ukaisha, nilipoongeza ukarudi.

Nilitegemea afurahi. Badala yake aligeuka kumtazama mtoto. "Kwa hiyo gari ni bovu," akasema taratibu. "Nami nimekuwa nampandisha humu kila siku. Bora liondoke tu."

Ikawa sasa hakuna kinachonisaidia ila kujua ubovu wenyewe uko wapi.

Nyumbani nikalipiga jeki mbele. Mwalimu wetu wa jioni hapendi mtu ataje kifaa cha kununua kabla hajatikisa. Nikashika tairi juu na chini, nikalisukuma na kulivuta, maana beringi ikilegea hapo ndipo husema. Kimya. Nikashika kushoto na kulia, nikisikiliza viungo vinavyotoka kwenye usukani. Kimya. Nikalizungusha nikilipapasa kama lina uvimbe. Halina. La pili vilevile. Jua lilikuwa limeshapanda, nami nilianza kuona aibu ya mtu aliyejifanya fundi.

Ndipo nilipolivua gurudumu na kuchungulia ndani ya rimu. Palikuwa na alama ndogo ya mstatili, inang'aa kuliko chuma kilichoizunguka, na ukingoni mwake mabaki ya gundi. La pili nalo lina alama kama hiyo. Nikaenda kulichungulia la nyuma. Ndani yake, pahali kama hapo, vipande vinne vya madini ya risasi, vya kijivu, vilikuwa vimebandikwa kwa mstari.

"Baba, hivi vya mbele viko wapi?"

Akainama. "Ule uchafu?"

"Uchafu upi?"

"Hayo magamba. Niliyabandua nilipokuwa naosha. Yalikuwa yameng'ang'ania kwelikweli, ikabidi nichukue kisu."

"Kisu changu cha jikoni? Kumbe ndiyo maana ncha imepinda!"

"Ya nyuma mgongo ulinikatalia."

"Lini hiyo?"

"Ijumaa, wiki mbili zimepita."

"Na mikono ilianza lini?"

Akahesabu kwa vidole. "Jumatatu yake," akasema.

Nikamweleza kwamba hakuna gurudumu lenye uzito sawa pande zote. Vile vipande ndivyo vinavyolisawazisha. Ukivitoa, likifika kasi fulani linadunda, na la mbele likidunda usukani ndio unaopata habari.

"Kwenye malori vilibanwa ukingoni, unaviona," akajitetea. "Hivi vya kubandika kama plasta, nani aliwahi kuniambia?"

Nikayarudisha magurudumu, nikatuendesha sote watatu mpaka kwa fundi wa tairi. Yeye aliyafunga kwenye mashine yake moja moja, akayazungusha, akabandika risasi mpya. "Aliyefanya usafi huu ana bidii," akasema. "Ni nani?"

"Mkwe wangu," baba mkwe akajibu haraka.

Nikamwachia. Siku ile nilikuwa na moyo wa kutosha.

Wakati wa kurudi nilimpa ufunguo, mkononi. Akakaa nyuma ya usukani, akapangusa viganja kwenye suruali, akaingia barabara kuu. Sabini. Sabini na tano. Hapo akaondoa mguu.

"Siwezi."

"Nipo hapa, baba. Nenda tu."

Akakanyaga polepole. Sikuutazama mshale, nilitazama vidole vyake, vimekunjamana, vimeshika kana kwamba vinabeba yai. Themanini. Themanini na tano. Vikabaki vilivyo. Tisini. Taratibu kimoja kikalegea, halafu vingine, mpaka mkono wa kushoto ukashuka kabisa, ukakaa pajani.

"Mpigie yule mtu," akasema bila kugeuka. "Mwambie asijisumbue kuja."

Nilipiga, nikamwambia, akakata. Baba mkwe hakuuliza amesema nini. Alikuwa anaendesha. Tulipita ghala la mbao, tukapita kituo cha mafuta, tukapita nguzo za umeme moja baada ya nyingine, naye macho mbele, usukani umetulia tuli.

"Babu," Chiriku akasema, "tumepita nyumbani."