Spika Bapa za Mama Rumena

Spika zangu nimeziunda mwenyewe, na asiyeamini aje hapa mjini Sofia, apande ghorofa ya saba, azione. Si maboksi hizo. Ni bapa mbili ndefu kama milango: ngozi nyembamba ya plastiki, imebandikwa nyaya, ikawambwa mbele ya sumaku. Ikitetemeka, sauti inatoka mbele na nyuma pia. Mke wangu Velichka amevumilia harufu ya gundi jikoni kwake mpaka basi.

Niliziunda kwa ajili ya mama. Ujanani Mama Rumena aliimba na wenzake wawili wa kijijini, wakarekodiwa santuri moja. Lakini kila nikimpigia santuri hiyo kwenye gramafoni yetu ya zamani, anakana. "Huyo si mimi. Huyo ni mbuzi kaingia kwenye pipa." Sasa daktari kasema masikio yake yanakwisha, baridi ikifika hatasikia kitu. Nilitaka ajisikie kabla hajawa kiziwi, aseme ni yeye. Hilo tu.

Jumapili akaja na pai yake ya jibini. Velichka alikuwa amezisukuma spika mpaka ukutani ili meza ya chakula ienee, na mimi kwa ujinga wangu nikakubali. Nikawasha amplifaya yangu, mashine ya kuzipa spika nguvu, ya taa za kioo, wati kumi na tano, kuitazama tu raha.

Santuri ikazunguka. Ilikuwa kama mtu anaimba ndani ya kabati. Nikaongeza sauti, ikaanza kukwaruza.

"Mbuzi yuleyule," mama akasema, "ila leo ana mafua."

Spas, kaka yake Velichka, anayekaa ghorofa ya pili, alicheka mpaka akapaliwa na rakia, ile pombe yetu kali ya matunda. "Shemeji, unamlisha ng'ombe majani ya sungura! Bapa hizo zinakula umeme. Nikuletee amplifaya yangu?"

Ile yake! Lidude la chuma, wati mia mbili, sura kama jiko lililoungua. Nimelicheka miaka yote. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini mama alishachukua koti lake.

"Lilete," nikasema. "Mama, kaa kidogo, nakuomba."

Spas akashuka. Nikamgeukia Velichka. "Meza itoke."

"Itoke iende wapi?"

"Kwenye korido."

"Tukale koridoni kama wezi?"

"Spika hizi zinaimba mpaka kwa mgongo, Velichka! Tumezibana ukutani, sauti ya nyuma inagonga inarudi palepale, inaikanyaga ya mbele. Zinataka nafasi."

Alinitazama, akamtazama mama aliyekumbatia koti, kisha akaanza kuondoa sahani mwenyewe. "Haya, shika upande ule. Umesimama kama mlingoti!" Mwanamke huyo simbadilishi kwa yeyote.

Tukazivuta spika mita moja na nusu kutoka ukutani, zikakaa katikati ya sebule bila aibu, tukazigeuza kidogo zielekee kiti cha mama. Spas akarudi anahema, lidude kifuani. Nikaunganisha nyaya, nikashusha sindano.

Jamani! Wanawake watatu waliingia sebuleni kwangu. Hawakupiga kelele. Walisimama tu, kila mmoja mahali pake, hata pumzi zao ukizisikia kabla ya kila ubeti.

Mama akanyoosha kidole kushoto, kwenye hewa tupu. "Zlata huyo. Kasogea mno. Nilimwambia asinibane, hasikii."

Kidole kikaenda katikati, kikabaki hapo. Sauti ya pale katikati ilikuwa ya msichana mkali, asiyeogopa mtu, anayepanda juu na kuwaacha wenzake wakishikilia chini.

"Na huyo wa katikati ni nani, mama?" nikauliza.

Wimbo ukaisha, sindano ikabaki inakwaruza. Mama akaliweka koti pembeni.

"Anza tena."

Nikaanza tena, nikajitupa kwenye kochi.

"Radoy!" akafoka. "Umekaa? Mama yako anaimba. Simama!"

Nikasimama. Velichka naye akasimama na sahani zake mkononi, na Spas mlangoni akaitua glasi yake sakafuni. Hakuna aliyekaa mpaka mama alipomaliza kuimba.