Moshi Ulipokuja Kuaga

Dobi alikuwa akikamua shuka za nyumba ya wageni moshi ulipopiga hodi mlango wa uani. Akafuta mikono kwenye gauni, akaufungulia. Ulikuwa moshi uleule wa kiwanda cha kuyeyusha vyuma, mweusi, mzito wa mwili, uliokaa mtaani tangu yeye ni bibi harusi.

"Nimekuja kuaga, mama."

"Safari ya wapi?"

"Ng'ambo ya mpaka. Nchi yenu imepanda daraja la uchumi, redioni wamesema. Watu wakishashiba, huanza kuuliza wanavuta hewa gani."

"Na kiwanda?"

"Twaondoka pamoja. Mabati na sufuria mtaletewa, tena safi."

Dobi akaukaribisha kiti. Ukakataa, maana kila ukikaa huacha alama.

Chumbani alilala mumewe, aliyekuwa mchochea tanuri kiwandani. Alikohoa kwa mpangilio, hata majirani wakambandika jina la Saa ya Ukutani. Daktari alikwishamwambia dobi ajiandae: kwa hewa ile, kifua kile hakitavuka mvua nyingine.

Moshi ukachungulia. "Mzee, unisamehe."

"Nenda, bwana, nenda," alisema mume. "Na usisahau kitu."

Ukashika barabara kuu nyuma ya malori yaliyobeba mitambo. Askari wa barabarani akasimamisha magari, ukapita. Adhuhuri kukawa na mbingu. Dobi, aliyezoea kuanika ndani, akaanika shuka nje, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jioni mume alimaliza sahani nzima bila kukohoa. Jirani akapaza sauti ukutani, "Jamani, leo saa imeishiwa betri?"

"Kanunue yako!" alijibu mume, akacheka mpaka akalala.

Ndipo mdogo wake dobi, aliyeolewa ng'ambo, akapiga simu.

"Dada, mgeni wako amefika. Yuko juu ya paa langu."

"Pole, mdogo wangu."

"Pole ya nini? Shemeji yako kaajiriwa leo hii! Tutakula, tutashiba, halafu nasi tutamsindikiza kwa jirani."

Kisha akakohoa. Kidogo tu, kama mtu anayesafisha koo. Dobi alikijua kikohozi kile, na namna kinavyoanza.

"Funga madirisha," alisema.

"Na joto hili?"

Dobi alitaka kuendelea, lakini chumbani mume alikuwa akikoroma, mkoromo mzito, wa mtu mwenye pumzi za kuchezea. Akamtakia mdogo wake usiku mwema. Akajilaza ubavuni pa mumewe, akalala fofofo mpaka jua likamkuta kitandani.