Mke Mkubwa Huvuna Kwanza

Beldina, mke wa pili wa Nicodemus, alipewa miche ya iliki na shangazi yake. Bomani mwao, chini ya kilima cha Maseno, mke mdogo hapandi wala havuni kabla ya mke mkubwa. Kwa hiyo alianza kwa Perez, mikayi, mke wa kwanza. Alimchimbia mashimo nyuma ya jiko, akamsihi atie miche michache kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo naye akapanda yake kando ya kijito, chini ya migomba.

Mwaka 1987, baada ya miaka mitatu ya kungoja, iliki ilizaa. Matunda yalijipanga chini, karibu na udongo. Huchumwa yakiwa bado kijani. Yakichelewa hupasuka na mbegu kumwagika. Mwenye duka mmoja wa Kisumu aliahidi kuyanunua yote, na Apiyo, binti wa Beldina, alikuwa amekaa nyumbani kwa kukosa karo.

Beldina akaenda kwa Perez, akamkuta akipepeta wimbi.

"Mikayi, zako zimekomaa. Chuma hata moja, nami nianze."

"Unanifundisha kuvuna, nyieka, mke mwenzangu? Zangu bado ni watoto wachanga."

"Zangu zitapasuka."

"Basi chuma. Nani amekushika mkono? Lakini chira ikimwingia Apiyo, usinililie."

Chira ni laana ya anayevunja mila, na mara nyingi huanzia kwa mtoto.

Beldina akampelekea Nicodemus shauri hilo, akamkuta akichonga mpini. Hakuinua macho.

"Mama Apiyo, leo nikiamua ya iliki, kesho mtaniita niamue ya chumvi."

Beldina akayafunika matunda kwa majani ya migomba, yasipigwe na jua. Asubuhi moja alishika tunda, akalisikia limejaa kati ya vidole. Apiyo alikuwa hapo karibu, akiteka maji. Beldina akaliachia tunda.

Yakaanza kupasuka. Siafu wakabeba mbegu, panya wakamaliza zilizobaki.

Yalipobaki maganda matupu, Perez alimwita baada ya kanisa. Wanawake wa kwaya walikuwa wameketi sebuleni. Chai ilinukia iliki.

"Nimevuna leo, nyieka. Sasa uko huru. Nenda ukachume."

Mmoja wa wale wanawake akacheka, kisha akakohoa.

"Asante, Mikayi."

"Imekolea?"

"Imekolea."

Perez akamwongezea kikombe, hadi ukingoni. Beldina akanywa.