Lita Moja kwa Mwezi

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Eladio alibisha mlango wa Benigno akiwa na chupa tupu ya lita moja, na kabla ya saa sita mchana kijiji kizima cha Leza kilikuwa kimeshapata habari. Benigno mwenyewe ndiye aliyeisambaza. Alikuwa akiingia baa ya Nekane, anaegemea kaunta, anatangaza: "Kaja tena. Mtu ana mapipa ya mwaloni mia mbili chini ya nyumba yake, bado anakuja kuomba mvinyo kwangu. Jiulizeni wenyewe."

Watu walicheka. Mzaha ulikuwa na miaka minne na haukuwa umechuja, kwa sababu wote waliwajua wale wawili. Eladio, kaka wa marehemu mke wa Benigno, alikuwa mtu wa mapipa: miaka miwili ndipo mvinyo ubandikwe lebo ya Crianza, mitatu Reserva, mitano Gran Reserva, na kila mwaka umeandikwa kwenye daftari. Benigno alifuata ya babu yake. Zabibu zake za tempranillo zilitiwa Oktoba kwenye birika kubwa la mawe pamoja na vikonyo vyake, zikakanyagwa, na Krismasi watu wakanywa. Subira haikuwa fani yake, wala hakuwahi kudai kuwa nayo.

Zamani alikuwa na mzaha mwingine. Mvinyo ndani ya pipa, alisema, ni maiti ndani ya jeneza. Hata umlaze miaka mitano hafufuki. Huo aliutoa mara ya kwanza mbele ya mkewe, Casilda, baada ya mavuno, baa imejaa hadi mlangoni. Casilda alikuwa amemwomba pipa moja tu. Pembezoni mwa shamba lao la juu kulikuwa na mistari sita ya graciano, zabibu inayochelewa kuiva na kukwaruza ulimi ikinywewa changa, na kila mwaka Benigno aliwaachia ndege.

"Ile imeumbwa kungoja," Casilda alisema. "Niwekee pipa moja, tuone."

Ndipo likaja la jeneza, na baa ikaangua kicheko. Casilda alimaliza glasi yake taratibu na hakulitaja jambo hilo tena. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini Benigno hakuwa mtu wa kusikiliza kimya. Machi iliyofuata alimzika mkewe. Mzaha wa jeneza ukamkwama kooni tangu siku hiyo. Ule wa chupa ya Eladio ukashika nafasi yake.

Jumamosi ya kwanza ya Februari Eladio alikuja mikono mitupu.

"Shemeji, vaa koti twende kwangu. Nimechoka na kazi hii, mapipa nimeuza yote. Lori linakuja Jumanne. Ila kuna moja si langu."

"La nani?"

"La Casilda."

Benigno alivaa koti. Walishuka ngazi za pango chini ya nyumba ya Eladio, na kule mwisho, nyuma ya safu ya mwisho, palikuwa na pipa moja peke yake. Ubavuni lilikuwa na maandishi ya chaki: *Graciano, shamba la juu*, na mwaka wa mavuno. Herufi ya G ilikuwa na mkia mrefu, kama ile ya kwenye mitungi ya jamu ya Casilda jikoni.

"Aliniambia ndege wamezimaliza," Benigno alisema.

"Ndege ni mimi na yeye. Tulichuma siku ile umekwenda mjini Vitoria kung'olewa jino."

Benigno hakucheka. Alikuwa akipiga hesabu ambayo kila mtu wa Leza anaijua, hata anayechukia mapipa. Mti wa pipa hunywa. Kila mwezi mvinyo unapungua, hewa inaingia, na pipa lisilojazwa mwaka mmoja linatoa siki. Casilda alikuwa kaburini karibu miaka minne. Akatamani mvinyo ule uwe mzima, akatamani hivyo kuliko alivyowahi kutamani mavuno yoyote, na kwa sababu hiyo akawahi kusema:

"Ni siki hiyo. Mwaga tu."

Eladio aligonga kizibo kwa nyundo ya mbao, akakitoa. Benigno aliinama na taa. Mvinyo ulikuwa umefika mdomoni mwa pipa kabisa.

"Nani amelijaza?"

"Linataka mvinyo wa shamba lile lile," Eladio alisema. "Sasa wa shamba lile anao nani hapa kijijini?"

Benigno alimtazama.

"Lita moja kwa mwezi, shemeji. Pipa halimalizi yote. Kinachobaki natilia kwenye viazi vya soseji."

"Hukunywa?"

"Ninywe wako, nami nina wangu?"

"Miaka minne nakutangaza baani, umekaa kimya tu!"

"Aliniapisha kabla hajafa. Alisema likiharibika nisikwambie, maana utamcheka hata kaburini. Likipona, uonje."

Eladio alichota, akampa glasi. Benigno alisubiri ule mkwaruzo anaoujua, haukuja. Ulikuja ukali kidogo, safi, halafu kitu kirefu kilichokaa mdomoni bila haraka. Alikaa juu ya kreti akalia kwa sauti, mzee wa miaka sabini na moja, na Eladio akajishughulisha na kizibo.

"Lebo gani hii?" Benigno aliuliza baadaye, akipangusa pua.

"Hakuna. Pipa halikuandikishwa, halafu miaka imechanganyika. Kwa kalenda ni Reserva. Kwa karatasi ni mvinyo wa kawaida kama wako."

"Pole yake kufanana na wangu," Benigno alisema, na wote wawili wakacheka.

Alijaza lita moja ya graciano kwenye ile chupa ya Eladio. Kisha akaenda nyumbani, akarudi na lita yake ya tempranillo, akajaza pengo la pipa kwa mkono wake mwenyewe.

Baani walikuwa wanamngoja.

"Haya, leo Jumamosi ya kwanza," Nekane alisema, na watu tayari wanatabasamu. "Kaja?"

Benigno aliweka chupa kwenye kaunta.

"Eladio hajawahi kunywa mvinyo wangu. Hata tone. Miaka yote hii alikuwa anampelekea Casilda."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha.

"Aliniomba pipa hapa hapa mbele yenu," Benigno alisema, "nikamjibu upuuzi, mkacheka. Nekane, lete glasi. Kila aliyecheka siku ile aonje."

Nekane alipanga glasi kumi na moja, na ya kwanza akaiweka mbele ya Benigno.