Jina Ambalo Balz Hakulitaja

Alhamisi ya Mafuta, siku kanivali ya kabla ya Kwaresima inapofunguliwa, kijiji kizima kilinuka kikaango tangu alfajiri. Hakukuwa na nyumba isiyokaanga ile mikate myembamba inayovunjika ukiikodolea macho tu, na sukari ilimwagwa kama haina mwenyewe. Ottilia alikuwa amekaanga trei nne na kula moja na nusu peke yake. Sasa alisimama jikoni, wifi yake Genoveva akimfunga mto tumboni kwa kamba ya kufungia ndama.

"Bana pumzi," Genoveva akasema.

"Nikibana pumzi nitaongea kwa pumzi gani?"

"Kwani leo unakwenda kuongea? Nilidhani unakwenda kumtazama tu, kama miaka yote sita."

Ottilia akavunja mkate mwingine, akaujaza mdomoni. Kaka yake Genoveva, aliyekuwa mume wa Ottilia, alikuwa kaburini mwaka wa tisa sasa. Genoveva ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba wifi yake anakwenda kuangalia sanduku la barua mara tatu kwa siku, ingawa barua huja mara moja. Sanduku lenyewe liliegemea uzio wa Balz, jirani yake mtengeneza jibini, mgane wa miaka sabini na minne mwenye masharubu ya kuweza kufagilia uwanja. Kila asubuhi Ottilia alimwambia, "Bwana Balz, theluji imezidi." Naye alijibu, "Imezidi, Bibi Ottilia." Kisha kila mmoja aliingia kwake na kufunga mlango. Wakati wa kiangazi walibadilisha neno theluji wakaweka jua.

Na Jumatano ya Majivu, baada ya siku sita tu, binti yake Balz angekuja kumchukua ahamie Zurich, ghorofa ya tano, kwenye jengo lenye lifti. Ng'ombe walishapewa mpwa. Ottilia alizipata habari hizo kwa muuza nyama, akasahau kuchukua nyama.

"Kamwambie asiende," Genoveva akasema, akikaza fundo.

"Mimi? Kwa mdomo huu?"

"Kwa huo hapana. Kwa huu hapa." Akamvisha kinyago cha mbao: ajuza mwenye meno mawili na pua kama karoti. Akarudi nyuma, akamtazama. "Ee, umependeza. Umepungua umri."

Sheria ya vinyago kijijini hapo kila mtoto anaijua. Ukishakivaa unabadilisha sauti, unamwita kila mtu "wewe," hata padri, na unamwambia yale ambayo mwaka mzima mmeyasema nyuma yake. Hakuna ruhusa ya kukigusa kinyago cha mtu. Lakini akikutaja kwa jina, na jina likiwa lenyewe, unavua mbele za watu. Asipokutaja, unaondoka na siri yako. Kujivua mwenyewe bila kutajwa hakuna aliyewahi. Ni sawa na kuvua nguo kanisani. Ottilia alikuwa na miaka thelathini bila kutajwa hata mara moja, na sifa hiyo aliipenda kuliko meno yake, ambayo hata hivyo hayakuwa yake.

Baa ya Tai ilijaa hadi dirishani. Wapiga ngoma watatu walitwanga pembeni, na vinyago viliruka kwa ncha za vidole huku njuga zikilia viunoni. Ottilia akaingia kwa sauti ya bata aliyekanyagwa.

"Wewe mwenyekiti! Umelipaka rangi banda la nguruwe vizuri kuliko ulivyoipaka shule! Au ndiko unakotegemea kura?"

Baa ikalipuka. Mwenyekiti akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, kwa maana kukasirika siku hiyo ni aibu kubwa zaidi. Ottilia akamwachia chungwa mapajani, zawadi ya vinyago kwa waliotukanwa, akasonga mbele hadi kwenye jiko la vigae la kupashia chumba joto, alipokaa Balz na kahawa yake iliyotiwa pombe ya peasi. Akajibwaga kando yake, mto ukampiga Balz ubavuni.

"Wee Balz! Nasikia unahamia mjini."

"Nahamia."

"Ukafanye nini? Ukakamue lifti?"

Masharubu ya Balz yakatikisika. "Nitapumzika."

"Umepumzika maisha yako yote! Lile jibini lako linajitengeneza lenyewe kwa kukuonea huruma."

Balz akacheka hadi akajifuta macho kwa leso. "We ni Rosmarie wa posta."

"Rosmarie! Mwenye miguu ya kuku!" Ndani ya mbao uso wa Ottilia uliwaka. Kwa nini Rosmarie awe wa kwanza?

"Basi Agnes wa mikate."

"Agnes hana hata akili ya kuivaa pua hii."

"Mke wa daktari wa mifugo."

"Yule ana mume, mzee usiye na haya! Unakijua kila kitanda cha kijiji?"

Watu wa meza ya jirani waligonga glasi kwa furaha. Ottilia alifurahi pia, ila furaha yake ilikuwa na mwiba. Wanawake watatu wameshatajwa, na yeye hayumo. Akamsogelea, sauti ya bata ikapungua kidogo.

"Huku hakuna wa kukuzuia?"

Balz akazungusha kikombe. "Hakuna aliyeniambia nisiende."

"Na akitokea?"

"Itategemea ni nani."

"Mtaje basi!"

"Sitaji." Akainama hadi masharubu yakagusa sikio la mbao. "Nikikutaja utavua, sheria ni sheria. Ukishavua utarudi kuwa yule bibi wa theluji imezidi, halafu mlango pu! Mimi huyu bata nimempenda. Niache nikae naye kidogo, sina siku nyingi."

Ottilia akarudi nyuma kidogo. "Unanijua?"

"Tangu ulipoingia. Umesimama mlangoni ukajifuta miguu, kushoto kisha kulia. Ni mwendawazimu gani wa kanivali anayejifuta miguu kabla ya kuja kutukana watu?"

Miaka thelathini, na kilichomponza ni usafi! Lakini jina lilikuwa halijatamkwa. Angeweza kuinuka wakati huo, akaruka ngoma mbili, akatoka na sifa yake nzima. Na Jumatano ijayo angekwenda kwenye sanduku la barua kuutazama uzio.

Akapeleka mikono kisogoni, akavuta kamba.

Kinyago kikaanguka kwenye kahawa. Mpiga ngoma mmoja akasahau fimbo hewani. Nywele za Ottilia zilisimama kama nyasi kavu, na uso ulikuwa mwekundu hadi shingoni.

"Hajatajwa!" mama mwenye baa akapiga kelele. "Jamani, kajivua mwenyewe! Huyu ni Ottilia!"

Ottilia akafungua mdomo, sauti ya bata haikuwepo, na ile yake ilikuwa imekwenda kuitafuta.

"Bwana Balz," akasema, "theluji..."

Genoveva, aliyeingia nyuma yake kimyakimya ili asipitwe, akapanda juu ya kiti. "Theluji mama yako! Sema, mwanamke!"

"Usiende Zurich," Ottilia akasema.

Balz akatega sikio, uso mkavu kama wa hakimu. "Sijasikia vizuri. Nimezoea kuambiwa kwa matusi."

"Usiende, we gogo la uvivu, kinywa mlango wa zizi! Miaka sita nasimama kwenye baridi kuangalia barua ambazo hakuna anayeniandikia! Kaa hapa!"

"Basi nakaa," Balz akasema.

Kelele zilizofuata ziliangusha theluji ya paani. Machungwa yakaruka kila upande, moja likampata mwenyekiti kichwani, na hakuna aliyetaka kujua limetoka kwa nani. Ngoma zikaanza upya. Balz akasema goti lake halifai kwa kuruka. Ottilia akamjibu kwamba hata kichwa chake hakifai lakini anakitembeza, akamwinua. Wakaruka, mto ukachomoka chini ya sketi, na Genoveva akaudaka akacheza nao kana kwamba ni mume.

Jumatano ya Majivu binti yake Balz alifika na gari kubwa la mizigo lililokodiwa hadi Zurich. Dereva alijaza kabati, kitanda na masufuria ya jibini, akafunga turubai, akauliza waelekee njia gani. Balz akanyooshea mkono nyumba ya pili, ya Ottilia. Dereva akaendesha hatua arobaini, akalalamika, akapakua.