Nafasi ya Mtu Mmoja Mkobani

Winnie alianza na magauni. Aliyaviringisha kama mikeka, akayabana pembeni mwa mkoba, kisha akasokomeza soksi ndani ya viatu. Kitandani bado palikuwa na shuka, taulo, mto wake mwenyewe, nguo za mtoto, sufuria ndogo na mkate wa kukaanga uliofungwa kwa kitambaa. Ndege ya kwenda kusini ilikuwa ndogo, na kila abiria alipanda mizani pamoja na mzigo wake. Kuna waliojaribu kuvaa suruali tatu na makoti mawili ili mkoba uwe mwepesi. Mizani haikudanganyika.

Bibi yake, Emmeline, aliingia bila kubisha hodi akaketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amefariki wakati barafu ya mto ilipovunjika, na tangu hapo alikuja nyumbani kila alipokuwa na neno la kusema. Godoro halikubonyea.

"Unakwenda kuzaa au kufungua duka?" aliuliza.

"Kuzaa, Bibi."

"Basi toa hiyo sufuria."

Emmeline alikuwa mkunga. Nusu ya kijiji chetu, hapa mto unapoingia Ghuba ya James, kaskazini mwa Kanada, ilipokewa na mikono yake, wengine katika mahema ya uwindaji, theluji imefika kiunoni. Siku hizo mizigo ilivutwa na mbwa, na mbwa hawakumpenda mtu mwenye vitu vingi. Kwa hiyo alikuwa na kanuni moja: shika kitu mkononi, jiulize kama huko uendako kipo. Kama kipo, kiache. Anayekwenda msituni habebi kuni.

Winnie akashika taulo. Kusini kulikuwa na taulo. Mito ya kulalia ilikuwepo, shuka zilikuwepo, wauguzi walikuwepo, chakula pia, ingawa waliorudi walisema hakina ladha ya kitu chochote. Kimoja kimoja vikarudi kabatini, mpaka mkobani vikabaki magauni mawili na nguo za mtoto.

"Haya," alisema Emmeline. "Kisichokuwepo huko ni nini?"

Winnie alishika tumbo lake. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Wajawazito wote wa kijiji walipelekwa mapema kwenye hospitali ya kusini, wakae katika nyumba ya wageni wakisubiri uchungu, kila mmoja peke yake, maana ofisi ya afya ya huko ilishaamua kwamba mwanamke mzima hahitaji msindikizaji. Binamu yake alizaa akiwa ameshikilia chuma cha kitanda. Alipomsimulia, hakulia. Alisema tu kwamba kile chuma kilikuwa baridi, na tangu siku hiyo Winnie alikuwa halali vizuri.

"Mtu," alisema. "Mtu wa kwetu."

Mama yake, Clarice, alikuwa amesimama mlangoni na vikombe vya chai. Alifundishwa ukunga na Emmeline tangu akiwa msichana, na mikono yake ilikuwa haijasahau. Alikuwa ameiomba ofisi imruhusu kumsindikiza mwanawe, na kila mara alijibiwa kwa upole kwamba haiwezekani. Emmeline alimtazama binti yake, akautazama mkoba, akavua viatu, akaingia. Alijikunja magoti yakafika kidevuni, kama watu walivyolala hemani wageni walipokuwa wengi. Magauni yakamkaa vizuri mgongoni.

Uwanjani, Abel aliyesimamia mizani aliweka mkoba juu yake na kuutazama mshale. Akauinua, akauweka tena.

"Mbona kama mtupu?"

"Yumo Bibi," alisema Winnie.

Abel alifungua zipu kidogo, akavua kofia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Abel. Umenenepa. Ulizaliwa kama sungura aliyechunwa."

Abel alisema kwa upande wake hana kipingamizi, lakini suala la wasindikizaji ilibidi aulize. Akapiga simu ofisini kusini na kueleza. Sauti ya huko ilitaka kujua kama msindikizaji ni ndugu, kama ni mtu mzima, na kama yu hai. Abel akajibu ndiyo, ndiyo, hapana. Basi huyo si msindikizaji, ilisema sauti, huyo ni mzigo, na mradi hauzidi uzito hauna shida.

Alipokata simu alimgeukia Clarice, aliyekuja akiwa tayari amevaa koti lake.

"Tatizo ni wewe, shangazi. Wewe u hai."

"Nimesikia," alisema Clarice, akamfunga mwanawe skafu.

Uchungu ulipomshika Winnie huko kusini, Emmeline alitoka mkobani na kumsugua kiuno. Mikono yake ilikuwa baridi kama maji ya mto, na ilimfaa. Muuguzi aliomba wapunguze mazungumzo, akamzunguka kikongwe huyo kufika kwenye dirisha. Daktari ndiye aliyempokea mtoto, msichana. Emmeline hakuweza kumbeba, lakini aliinama akamwambia sikioni, kwa Kikrii, lugha yetu, yeye ni mtoto wa nani na mto wao unaelekea wapi.

Baada ya hapo wanawake wengine wakaanza kupakia marehemu wao. Si wote waliokubali. Wengi walisema safari zao walishamaliza. Emmeline hakukataa, ila alikuwa mmoja.

Vuli iliyofuata ilikuwa zamu ya Lottie, mdogo wake Winnie, na Emmeline alikuwa ameshaondoka na mke wa mwalimu. Clarice aliiomba ofisi tena, akajibiwa kwa upole. Akampangia Lottie mkoba mwenyewe. Aliviringisha nguo zikabana sana, akazisukuma zote upande mmoja, na upande wa pili akaacha nafasi ya mtu aliyejikunja. Aliitazama nafasi ile kwa muda. Kisha akafunga zipu, akambebea mwanawe mkoba mpaka uwanjani.

Ndege iliruka ikiwa na Lottie na ile nafasi. Clarice, kwa kuwa alikuwa hai, alirudi nyumbani kwa miguu.