Pete ya Shangazi

Walimwita Daktari Nusu kwa sababu aliacha masomo ya udaktari katikati. Juzi alificha mjusi wa plastiki chini ya kitambaa cha shangazi yake, fundi cherehani. Shangazi aliruka, sindano ikamchoma kidole cha pete. Wakacheka wote hadi machozi.

Asubuhi kidole kikawa chekundu, cha moto, kimevimba.

"Tulia, shangazi. Askari wa mwili wamekuta vijidudu, wameita wenzao. Damu inakimbilia hapo, maji yanavujia kwenye nyama. Waache wapigane."

"Na hii pete? Inanibana."

"Uvimbe utashuka wenyewe."

Haukushuka. Jioni kidole kilikuwa kimegeuka rangi, na kule zahanati nesi akaikata pete kwa kimsumeno. Pete ya marehemu mume wake, hakuwahi kuivua.

"Mbona hukuivua mapema, mama, kabla hakijavimba sana?"

Daktari Nusu akaangalia sakafu.

"Uzee, mwanangu. Nilisahau," shangazi akajibu.

Nje akafumba kiganja juu ya vile vipande vya pete.

"Askari wako hodari, baba. Wamemfukuza hata marehemu."

Akacheka. Akamsubiri mpwa wake naye acheke, akasubiri sana.